Ukuta wa Jikoni

Fundi Wamimbi aliugonga kwa mpini wa nyundo,
akatega sikio kama daktari kwenye kifua cha mtoto,
akasema: huu haujabeba kitu.
Ghorofa ya juu imelala kwenye nguzo zake nne,
huu ni wa kutenga tu.
Akachora msalaba kwa chaki, upande wa sebuleni,
akataja laki tisa, na kifusi tuzoe wenyewe.

Wa kutenga tu.
Siku tatu nikautazama msalaba ule
nikila, nikisoma gazeti,
nikijifanya nasoma gazeti.

Khainza anataka uanguke.
Miaka tisa, anasema,
nakisikia kicheko chenu kupitia tofali,
nafuta mikono, napanga vikombe kwenye sinia,
nazunguka kwa ukumbini, nafika
na chai ya moto kwenye kicheko kilichopoa.
Na dirisha lenye Wanale ni la jikoni!
Mvua ikinyesha huko juu, maji yananing'inia jabalini
kama nyuzi nyeupe zilizochomoka kwenye shuka,
na wewe sebuleni unaangalia geti la jirani.

Sikuwa na jibu, nikasema moshi.
Nikasema malewa: harufu ile ya mianzi iliyokaushwa juu ya moto
itakaa kwenye makochi mpaka Krismasi.
Nikasema wageni wataona masufuria.
Akasema: kwani wanadhani tunapikia wapi?

Nililolimeza ni hili.
Mama yake akishuka kutoka Budadiri kupimwa presha
huingia kwa mlango wa nyuma.
Hatuonani, mimi na yeye. Ndivyo tulivyolelewa:
mkwe na mama mkwe, uso kwa uso, hapana.
Njiani angeruka mtaro kunipisha,
nami ningegeukia ua wa watu
kama mtu aliyetumwa kuhesabu majani.
Ninachokijua ni sauti,
na pindo la kitenge cha njano, mara moja tu,
siku ya mahari, likikata kona.

Lakini Khainza akiwa zamu ya usiku na watoto wamelala,
yeye huketi jikoni kwenye kigoda,
mimi sebuleni, sakafuni,
migongo yetu kwenye tofali zilezile,
tukaongea.
Bei ya kahawa. Udongo ulioteremka usiku
ukaondoka na migomba ya shemeji yake, na choo.
Jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akilia usingizini,
mwanamume mzima, asubuhi anaulizia uji.
Jambo hilo, alisema, sijawahi kumwambia mtu
aliyekuwa ananitazama.

Juzi nikajikaza: Mama, ukuta huu,
tunafikiria kuubomoa.
Kijiko kikazunguka kikombeni, kikazunguka tena.
"Mkwe wangu," akasema,
"huo mnaoufikiria ndio nimeuegemea."
Akacheka mpaka akakohoa.
Hakusema ndiyo, hakusema hapana.
Alfajiri akapanda gari la Budadiri na dawa zake.

Nilipomsimulia Khainza, sikutegemea angenyamaza vile.
Alivua viatu vya kazi, kimoja, kisha cha pili.
Kumbe, akasema,
mama yangu ana mtu wa kuongea naye nyumba hii,
na mume wangu anaye,
mimi ndiye nimebaki na tofali.

Fundi amepiga simu mara mbili. Sijapokea.

Leo nimeingia jikoni mchana kweupe,
bila kutumwa chumvi.
Kigoda sijakikalia, si changu.
Wanale ilikuwepo dirishani, yote,
kubwa kuliko nilivyoikumbuka,
ukungu umeivaa nusu.
Nikageukia ukuta.
Upande huu hauna msalaba.
Una doa tu, la kahawia, la mafuta ya nywele,
kimo cha mtu aliyeketi.
Nikaweka kiganja pale, nikakiondoa haraka.

Khainza alikuwa amesimama na beseni la ndizi.
Hakuniuliza chochote.
Alinipa kisu.
Osha mikono kwanza, akasema.